Wimbo Usio na Makofi

Kila inapoulizwa kama nyangumi ni mwanamuziki, majibu mawili hutangulia. La kwanza ni la mapenzi: naam, anaimba, tena anaimba vizuri kutushinda. La pili ni la dharau: mnyama anapiga kelele zake za kutafuta jike, na binadamu, kwa upweke wake, anazipa kelele hizo jina la heshima. Majibu haya yanagombana, lakini yana mzizi mmoja. Yote mawili yanachukulia kwamba muziki ni kitu kisichogawanyika, ambacho kiumbe ama anacho ama hana. Nitadai hapa kwamba dhana hiyo ndiyo yenye kasoro, na kwamba nyangumi ni shahidi mzuri dhidi yake. Muziki wa binadamu ni kamba iliyosokotwa kwa nyuzi kadhaa, na kwa kuwa tumezaliwa tukaikuta imekwisha kusokotwa, tunaiona kamba tu. Nyangumi anao uzi mmoja wa kamba hiyo, mrefu na imara, lakini hana mwingine ambao kwetu ni wa kawaida mno hata hatuuhesabu. Tukimsikiliza kwa makini tutajifunza kiasi kuhusu yeye na mengi kuhusu sisi, na huenda tukalazimika kupanga upya daraja tulizozipa sehemu za muziki wetu wenyewe.

Tuanze na yanayojulikana. Katika miaka ya 1950 na 1960, Frank Watlington, mhandisi aliyefanya kazi na wanamaji wa Marekani kisiwani Bermuda, alinasa sauti za ajabu kwa maikrofoni za majini. Kanda zake zilifika mikononi mwa watafiti Roger Payne na Katy Payne, na mwaka 1971 Roger Payne na Scott McVay wakachapisha katika jarida la Science makala iliyoubadili mjadala mzima. Hoja yao haikusimama juu ya uzuri wa sauti zile. Ilisimama juu ya mpangilio uliojitokeza sauti zilipochorwa karatasini. Sauti moja moja hukusanyika kuwa kifungu. Kifungu hurudiwa mara kadhaa kikawa sehemu. Sehemu hufuatana kwa utaratibu maalumu mpaka wimbo ukamilike, baada ya dakika 7 hadi 30. Kisha mwimbaji huanza tena tangu mwanzo, na huweza kuendelea hivyo kwa saa nyingi. Waimbaji ni madume wa nyangumi wenye nundu, hasa katika msimu wa kuzaliana, na wale wanaokutana katika maji mamoja huimba wimbo mmoja. Jambo lenyewe haliko mbali na wasomaji wa pwani yetu: kila mwaka, kuanzia katikati ya mwaka, nyangumi wa aina hii hupanda kutoka maji baridi ya Antaktika wakaja kuzaa na kupandana katika bahari za Msumbiji, Madagaska, Komoro, Tanzania na Kenya.

Mpangilio peke yake, hata hivyo, hautoshi kuibeba hoja yangu. Buibui naye hupanga. Lenye uzito zaidi ni lile alilolitambua Katy Payne, aliyesomea muziki katika Chuo Kikuu cha Cornell, alipozilinganisha nyimbo za miaka mbalimbali: wimbo haukai jinsi ulivyo. Mwaka hadi mwaka sauti fulani hurefushwa, nyingine hugeuzwa, sehemu nzima hufifia ikaachwa na nyingine ikaingizwa mahali pake. Mtu aweza kusema kwamba huko ni kusahau tu. Lakini kusahau humpeleka kila mmoja njia yake, ilhali hapa wote huenda njia moja: dume anayeimba leo ameacha kile walichokiacha wenzake na ameshika kile walichokishika. Mwaka 1988 Linda Guinee na Katy Payne waliongeza jambo jingine. Nyimbo zenye sehemu nyingi, yaani zile zilizo ngumu kukumbuka, ndizo zenye mwelekeo wa kurudia sauti zilezile mahali palepale, kwa namna inayofanana na vina. Walipendekeza kwamba huenda marudio hayo yanaisaidia kumbukumbu. Mghani wa utenzi anaijua kazi hiyo ya vina bila kufundishwa na mtaalamu wa viumbe wa baharini: mwisho wa mshororo humkumbusha ubeti unaofuata, na beti mia kadhaa hubebwa kichwani pasipo karatasi. Haina maana kwamba nyangumi ni malenga. Ina maana kwamba palipo na maneno au sauti nyingi za kuhifadhiwa bila maandishi, viumbe wawili waliotengana katika ukoo kwa zaidi ya miaka milioni 80 wanaweza kuangukia ufumbuzi mmoja.

Kisha ukaja ushahidi wa mapinduzi. Mwaka 2000 Michael Noad na wenzake waliripoti katika jarida la Nature kilichotokea pwani ya mashariki ya Australia. Mwaka 1996, kati ya waimbaji 82 waliorekodiwa, wawili tu walikuwa na wimbo mgeni kabisa, wimbo wa wenzao wa pwani ya magharibi, upande wa Bahari ya Hindi. Kufikia mwaka 1998 wimbo wa zamani ulikuwa umetoweka na wote walikuwa wakiimba ule mpya. Utafiti wa Ellen Garland na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba hilo halikuwa tukio la mara moja: kwa muda wa miaka 11, nyimbo zilihama mara kwa mara kutoka Australia kuelekea mashariki, kundi baada ya kundi, hadi Polinesia ya Ufaransa. Na mwaka 2018 timu iliyoongozwa na Jenny Allen ilieleza kwamba wimbo, kadiri unavyobadilika polepole, huzidi kuwa na mambo mengi. Lakini mapinduzi yanapofika, wimbo mpya unaoshika nafasi huwa mwepesi kuliko ule ulioondolewa. Tuna basi kila dalili ya kitu ambacho kwa watu tungekiita mapokeo: umbo linalojifunzwa kwa wengine, linalomilikiwa na wote, linalopambwa na kila kizazi cha waimbaji, na linalotupwa pindi jipya lipitapo.

Historia ya pwani ya Afrika Mashariki ina mfano unaoweza kuwekwa kando ya huu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alisimulia jinsi ngoma ya beni ilivyoanza katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikiiga bendi za tarumbeta na gwaride za kijeshi, ikateremka hadi Tanganyika ambako ilijigawa katika pande shindani za Marini na Arinoti, kisha ikabebwa na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia na waliowafuata hadi Malawi, Zambia na Kongo. Hakuna serikali iliyoagiza watu waicheze, na baadhi ya watawala waliishuku. Ilienea kwa sababu wasafiri walikutana, kwa sababu jipya lina mvuto wake, na kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana ameachwa nyuma. Tofauti na nyangumi ni kubwa: beni ilikuwa na vyeo, sare, mashindano, kejeli kwa wakubwa, na jukumu la kuzikana. Lakini ukiuliza tu umbo la sauti lilisafirije na kwa nini la zamani lilikubali kuachwa, visa hivi viwili vinafanana kuliko tulivyotarajia. Kile ambacho wanahistoria wa sanaa wamezoea kukiita mabadiliko ya mtindo kinatokea pia chini ya maji, kwa viumbe wasio na mikono ya kupigia ala.

Pingamizi la kwanza linajulikana: kwamba sisi ndio tunaosikia wimbo, na nyangumi hana habari. Tunachukua sauti zake, tunazipunguza au kuziongeza kasi mpaka ziingie katika masikio yetu, tunaziuza katika sahani za santuri, kama ilivyofanyika kwa mafanikio makubwa mwaka 1970, kisha tunastaajabia kilichotokana na mikono yetu. Pingamizi hili lina nguvu dhidi ya wale wanaosema wimbo wa nyangumi una huzuni, au hekima, au sala. Huzuni hiyo ni ya msikilizaji. Lakini halina nguvu dhidi ya yaliyotajwa hapo juu, kwa kuwa hayakutegemea sikio la mtu. Marudio yalihesabiwa karatasini. Mapinduzi ya Australia yangeonekana hata na kiziwi mwenye michoro ya sauti mbele yake. Hata utafiti uliochapishwa mwaka 2025 na Inbal Arnon, Simon Kirby, Ellen Garland na wenzao ulifuata njia hiyo: kwa kuchambua rekodi za miaka minane kutoka Kaledonia Mpya, waligundua kwamba mgawanyo wa vipande vya wimbo, vichache vikitumika mara nyingi sana na vingi vikitumika mara chache, unafuata kanuni ileile inayoonekana katika maneno ya lugha za binadamu. Kanuni hiyo haituambii kwamba wimbo una maana. Inadokeza kwamba umepitia vichwa vya wanaojifunza, kizazi kwa kizazi, na vichwa hivyo vimeuacha katika sura inayofundishika.

Pingamizi la pili linasema kwamba hata kama ni mapokeo, ni mapokeo ya kutongoza, na muziki ni zaidi ya kutongoza. Charles Darwin mwenyewe, mwaka 1871, alipendekeza kwamba hata muziki wa binadamu ulianzia katika kuwavuta wapenzi, kwa hiyo hoja hii, ikisukumwa mbele, inamchoma anayeitumia. Lakini tuichukue kwa uzito. Kwanza, kazi ya wimbo wa nyangumi bado inabishaniwa. Majike hawajaonekana wakimkimbilia mwimbaji kama ambavyo nadharia ingetaka. Wanaomwendea zaidi ni madume wenzake. Mtafiti Eduardo Mercado amependekeza kwamba wimbo huenda ni njia ya kuchunguza bahari kwa mwangwi, ingawa wataalamu wengi hawajakubaliana naye. Pili, tangazo la ubora lingetakiwa kumtofautisha mwenye kutangaza. Hapa kila dume anajitahidi kuimba kile anachoimba mshindani wake, hata anapolazimika kuacha alichokizoea. Tatu, na hili ndilo la msingi, chanzo cha jambo hakiamui jambo lenyewe limekuwa nini. Taarabu hupigwa harusini, na nyimbo za jando zina kazi yake katika jamii. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa zina kazi, si muziki. Kama matumizi yangeharibu sanaa, sehemu kubwa ya muziki wa Afrika ingefutwa kwa mstari mmoja, na hoja inayofikia matokeo hayo imejihukumu yenyewe.

Pingamizi la tatu ndilo gumu. Muziki, watasema, unahitaji nia: mtu anayejua kwamba anapanga sauti, anayeweza kuzipima na kuzikataa. Eduard Hanslick, mhakiki wa Vienna, katika kitabu chake cha mwaka 1854 juu ya uzuri katika muziki, aliwadhihaki wanaotafuta asili ya muziki katika sauti za wanyama. Mnyama aliyeufaa muziki kuliko wote, alisema kwa maana hiyo, ni kondoo, kwa kuwa utumbo wake hutengenezewa nyuzi za ala. Zaidi ya karne baadaye, mwaka 1973, John Blacking, aliyejifunza muziki kwa Wavenda wa Afrika Kusini, aliwapinga wazee wa Ulaya karibu katika kila jambo, lakini naye aliueleza muziki kuwa ni sauti zilizopangwa na binadamu. Siwezi kuthibitisha kwamba nyangumi ana nia ya aina hiyo, na hoja yangu haihitaji nithibitishe. Inatosha kuonyesha kwamba nia si sharti la kila uzi wa kamba. Mtoto huokota wimbo wa kwao na kuubadili kidogo bila kukusudia; jamii nzima huacha mtindo bila kikao cha kuamua. Sehemu kubwa ya mapokeo ya muziki wa binadamu imekwenda hivyo, na hatukuona haja ya kuyanyima jina kwa sababu hiyo. Kama nia ndiyo kipimo, basi tumpime binadamu nacho pia kwa haki, na tutaona kwamba humwacha nje mara nyingi.

Mpaka hapa ningeonekana kuwa upande wa mapenzi. Sasa ni zamu ya kile ambacho nyangumi hana. Dume mwenye nundu huimba peke yake. Wenzake wanaweza kuwa wanaimba wimbo uleule, siku ileile, ndani ya umbali wa kusikilizana, lakini kila mmoja yuko mahali pake katika wimbo: huyu mwanzoni, yule katikati. Hawaanzi pamoja na hawafuatani kwa pigo moja. Zaidi ya hayo, dume mwingine anapomjia mwimbaji, mara nyingi wimbo hukoma. Kwa binadamu, wa pili anapofika ndipo wimbo unapochangamka. Kwa nyangumi, wa pili anapofika wimbo umekwisha. Sehemu ya sababu iko katika bahari yenyewe. Sauti husafiri majini kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Hata hivyo, waimbaji wawili waliotengana kilomita 6 husikiana baada ya sekunde 4. Mmoja akilifuata pigo la mwenzake jinsi anavyolisikia, mwenzake atalisikia jibu akiwa amechelewa sekunde 8. Uwanja wa ngoma wenye upana wa mita 10 huvukwa na sauti kwa takriban sehemu tatu za mia za sekunde. Ukubwa wa bahari umempa nyangumi mapokeo yaliyoenea kuliko ya kijiji chochote, na ukubwa huohuo umemnyima nafasi ya kupiga makofi.

Makofi yanadai nini kwa mpigaji? Jambo hili huonekana dogo mpaka lichambuliwe. Ngoma inapokolea, mwanzishaji anatupa mstari, waliomzunguka wanaitikia, msewe unalia miguuni, na mikono ya watu hamsini inakutana kwa wakati mmoja. Anayesubiri kulisikia pigo ndipo apige kofi amekwisha kuchelewa, kwa kuwa mwili huchukua muda kuitika. Kwa hiyo kila mmoja anapaswa kulijua pigo kabla halijafika, na kulijua palepale wanapolijua wengine. Kofi ni utabiri uliofanywa na wengi na ukatimia kwa wote. Hapa ndipo nyuzi mbili zinapotengana waziwazi. Mapokeo ni kushirikiana wakati uliopita: tunaimba walivyoimba wenzetu. Pigo la pamoja ni kushirikiana wakati ambao haujafika. Nyangumi anashiriki kwa ustadi mkubwa katika lile la kwanza, na hatuna ushahidi kwamba anashiriki katika la pili. Binadamu hushiriki yote mawili karibu kila mahali alipo. Utafiti mpana wa Samuel Mehr na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta nyimbo katika jamii zote 315 walizozichunguza, na dansi ni miongoni mwa shughuli zilizofungamana na nyimbo.

Mpinzani makini atasema kwamba pigo la pamoja nalo si mali yetu peke yetu, na atakuwa na haki. Wapo wadudu na vyura ambao huimba kwa kupokezana au kwa pamoja. Indri, komba wakubwa wa Madagaska, huimba kifamilia, na mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Chiara De Gregorio walionyesha kwamba nyimbo zao zina mapigo ya uwiano maalumu yanayofanana na ya muziki wa binadamu. Kasuku aitwaye Snowball alifuata kwa mwili wake mapigo ya muziki hata kasi ilipobadilishwa, na simba-bahari aitwaye Ronan alifundishwa kutikisa kichwa kwa pigo huko California. Mifano hii haivunji hoja yangu, inaikamilisha. Vyura wana pigo lakini wimbo wao haubadiliki kwa mtindo wa mwaka. Ronan ana pigo lakini alilipata kwa mafunzo ya watu, na hana kundi la simba-bahari analolipigia. Nyangumi ana mtindo lakini hana pigo la pamoja. Kila uzi, ukiutafuta peke yake, utaukuta kwa kiumbe fulani, na ndiyo maana swali la nani ana muziki na nani hana limetuchosha bila kutufikisha popote. Cha kwetu ni msokoto: umbo linalorithiwa na kubadilishwa kama la nyangumi, likichezwa na miili mingi kwa pigo moja, kiasi kwamba mabadiliko ya umbo hupimwa papo hapo na wale wanaolipigia makofi. Mtindo mpya wa beni haukusubiri miaka miwili kujulikana kama umekubalika. Ulijulikana usiku uleule, kwa mikono iliyouitikia au iliyonyamaza.

Matokeo ya hoja hii yanaigusa namna tulivyozoea kupanga daraja za muziki. Falsafa ya Ulaya ya karne ya 19, Hanslick akiwa mmoja wa wasemaji wake, iliweka kileleni umbo la sauti lenyewe: mahadhi yaliyopangwa, mtindo unaokua, kazi inayosimama bila msaada wa mwili. Pigo, makofi na miguu viliwekwa chini, karibu na mnyama. Wamisionari wengi na maofisa wa kikoloni walikuja Afrika Mashariki na daraja hizo vichwani, na ngoma ikapigwa marufuku hapa, ikawekewa mipaka pale, huku kwaya ikifundishwa kusimama wima. Hata leo wapo wasomi wetu wanaotenga muziki wa kusikilizwa na muziki wa kuchezwa, na kuuheshimu wa kwanza zaidi. Ushahidi wa baharini unaipindua ngazi hiyo. Kile kilichodhaniwa kuwa ndicho kilele cha utu wetu, yaani umbo refu linalohifadhiwa kichwani na kufanyiwa mapinduzi ya mtindo, kinapatikana kwa mnyama mwenye mapezi. Kile kilichosukumwa kando kama cha kishamba, yaani watu kukusanyika na kulingojea pigo moja, ndicho mwimbaji mashuhuri kuliko wote wa baharini hajakifikia. Simaanishi sasa tuzigeuze daraja juu chini na kuyadharau mahadhi. Namaanisha kwamba hakuna uzi wenye haki ya kujiita kamba.

Kuna tokeo jingine, la kimaadili. Kama wimbo wa nyangumi ni mapokeo, basi kumpoteza nyangumi ni zaidi ya kupungukiwa na idadi ya wanyama. Uwindaji wa kibiashara wa nyangumi wenye nundu ulipigwa marufuku kimataifa mwaka 1966, baada ya zaidi ya 200,000 kuuawa katika nusu ya kusini ya dunia peke yake katika karne ya 20. Katika bahari ya Oman lipo kundi dogo ambalo halihami kwenda Antaktika kama makundi mengine. Linakaa Bahari ya Arabu mwaka mzima, na wimbo wake si ule wa nyangumi wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Kundi hilo likitoweka, nyangumi wenye nundu wataendelea kuwepo, lakini mlolongo mmoja wa kujifunza utakuwa umekatika, na hakuna benki ya mbegu inayohifadhi kitu ambacho huishi kwa kuigwa tu. Kelele za meli, ambazo hujaa katika masafa ya chini yanayotumiwa na nyangumi wa jamii hii, zinaweza kuleta hasara ya namna hiyo bila kuua hata mmoja, kwa kuwa mapokeo yanayoenda kwa sikio huhitaji sikio lisikie. Anayekubali kwamba lugha ya watu wachache au ngoma ya kijiji kimoja ina thamani zaidi ya idadi ya wanaoijua atapata shida kueleza kwa nini hoja hiyo iishie ufukweni.

Hatimaye hoja inaturudia sisi. Teknolojia ya miaka hii imefanya jambo ambalo nadharia za zamani hazikulitarajia: imezifumua nyuzi za kamba yetu wenyewe. Wimbo mmoja leo husambaa kwa simu kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, Lubumbashi na Muscat, ukashikwa na mamilioni, kila mmoja akiwa na spika zake masikioni, kila mmoja akiwa mahali pake katika wimbo, huyu mwanzoni na yule katikati. Na baada ya muda mfupi hakuna anayeusikiliza tena, kwa kuwa mpya umepita. Hayo ni maisha ya muziki kama anavyoyaishi nyangumi, na yaliyokwisha kusemwa kuhusu ukubwa wa mapokeo yake yanatuzuia kuyadharau. Lakini ni nusu. Nusu ya pili haipatikani kwa kuongeza idadi ya wasikilizaji, wala kwa kuboresha sauti, kwa kuwa haimo ndani ya sauti. Imo katika watu waliokaribiana kiasi cha kuweza kulitabiri pigo pamoja, na katika hatari ndogo ya kila mmoja wao kukosea mbele ya wengine. Jamii inayofadhili studio na kufunga viwanja vya ngoma haijaamua kuwa ya kisasa zaidi. Imechagua uzi ambao tayari tulikuwa tukishirikiana na nyangumi, na kuuacha ule ambao kuusokota pamoja nao kulikuwa kazi yetu.